Pikipiki Hii Ni ya Nani? Ushauri kwa Mnunuzi wa Sericho

Mzee wa Sericho akiuziwa ngamia hatoi pesa kwa kutazama nundu peke yake. Atamzunguka mnyama, atatafuta chapa, atashika sikio aone mkato wake, kisha ataanza maswali: ni wa ukoo gani, alizaliwa kwa nani, ametoka kwa mwenyewe kwa sababu gani, ni mahari, ni deni au ni ukame? Muuzaji akigugumia, biashara imekufa papo hapo. Mwezi mmoja baadaye kijana wa mzee huyo anauza ngamia yule yule, anapanda gari hadi Isiolo, na jioni anarejea na pikipiki ya Boxer iliyotumika aliyouziwa na mtu asiyemjua kwao. Ameiwasha, ameisikiliza, ameizungusha uwanjani mara mbili. Nambari ya chasisi hajui hata imeandikwa wapi. Logbuku ameahidiwa wiki ijayo.

Nimeyaona haya yakifanywa na watu makini kabisa, watu ambao sokoni huwezi kuwauzia mbuzi mgonjwa. Mnyama wamezoea kumhoji. Pikipiki wanaiona kama kitu kipya kisicho na ukoo, ilhali ukoo inao, na unasomeka.

Habari za pikipiki zimewekwa mahali pawili. Za kwanza zimegongwa kwenye chuma chake: nambari ya chasisi na nambari ya injini. Za pili ziko katika kumbukumbu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012 na ambayo ndiyo inayosajili vyombo vya barabarani nchini Kenya. Kazi yako wewe mnunuzi ni kuhakikisha, kwa macho yako na kwa simu yako mwenyewe, kwamba chuma na kumbukumbu vinasema jambo moja, na kwamba mtu anayepatana nawe bei ndiye mwenye jina lililomo. Kabla ya hapo usitoe hata arubuni.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu kuliko kwa mtu wa mjini. Tangu serikali ilipoziondolea VAT pikipiki ndogo mwaka 2008, chombo hiki kimeingia hadi kwenye maboma ya mbali. Ukishaacha barabara ya Isiolo kwenda Modogashe, pikipiki ndiyo inayomkimbiza mama mwenye uchungu hospitalini, ndiyo inayobeba dawa za mifugo na unga kuelekea Eldera, Iresaboru na Badana. Umbali huo huo ndio unaovutia mali yenye matatizo. Pikipiki isiyo na karatasi ni ngumu kuuza mahali penye vizuizi vya trafiki, kwa hiyo hutafutiwa mtu wa mbali, naye huambiwa: "Ndugu yangu, huko kwenu nani atakusimamisha? Utaipanda miaka bila kuulizwa." Ukiyasikia maneno hayo, shika njia uende zako. Muuzaji amekwisha kukuambia anachokiuza.

Siku itafika utahitaji kuipeleka Isiolo kutafuta spea, na hapo utaulizwa. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kuwa imeibwa anaweza kufungwa hadi miaka 14. Bei ya kutupa, muuzaji asiyeonyesha kitambulisho na nambari iliyokwanguliwa ndizo sababu atakazozitaja mwendesha mashtaka. Hata ukiponea jela, pikipiki hutabaki nayo. Mwizi hana umiliki wa kumpa mtu. Mwenyewe akiipata anaichukua, nawe unaachiwa kazi ya kumtafuta aliyekuuzia, ambaye laini yake ya simu ilizimwa jioni ile ile.

Anza na chuma. Nenda mchana, pikipiki ikiwa imeoshwa na injini imepoa. Kwenye Boxer, nambari ya chasisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, upande wa kulia, pale usukani unapoingia. Pinda usukani kushoto uione vizuri. Pangusa kwa kitambaa chenye petroli kidogo, washa tochi ya simu, usome. Nambari kamili ya kimataifa huwa na herufi na tarakimu 17, na ndani yake hamna kamwe herufi I, O wala Q, kwa sababu zinafanana mno na 1 na 0. Pikipiki za Bajaj zilizotoka India kwa kawaida huanza na MD2, na za TVS huanza na MD6. Ukikuta mwanzo tofauti bado si ushahidi wa wizi, ila ni sababu ya kutofunga biashara siku hiyo.

Usitosheke na kusoma. Weka karatasi nyembamba juu ya nambari, sugua kwa penseli ubavuni, na alama zitajitokeza jinsi zilivyogongwa kiwandani. Mistari iliyopinda, tarakimu moja iliyozama kuliko wenzake, rangi mpya mahali hapo tu huku fremu nzima imechakaa, mikwaruzo ya msasa, au kipande cha bati kilichochomelewa: lolote kati ya hayo likionekana, rudisha penseli mfukoni na umuage muuzaji kwa adabu. Atakuambia fundi alikuwa akichomelea ufa. Fundi hachomelei ufa juu ya nambari pekee.

Nambari ya injini iko upande wa kushoto, kwenye kasha la injini karibu na gia. Hapa pana utata wa kweli, kwa sababu injini hubadilishwa kihalali kila siku. Mtu amepasua injini njiani, akanunua nyingine, akaendelea na maisha. Lakini mabadiliko hayo yanapaswa kuripotiwa NTSA ili kumbukumbu zirekebishwe, na injini aliyoinunua iwe na risiti inayoonyesha ilikotoka. Asiye na risiti wala marekebisho anakuuzia pikipiki mbili katika moja, na ya pili haina mwenyewe anayejulikana. Mwambie arekebishe kwanza kwa jina lake. Ukikubali kurekebisha wewe baadaye, umebeba maswali yake.

Ukiwa bado umeinama hapo, soma pia maisha iliyoyaishi. Vuta kijiti cha mafuta ya injini: mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa yamechanganyika na maji, na baada ya mafuriko ya El Niño ya mwishoni mwa 2023 si ajabu kukuta pikipiki iliyowahi kuzama. Fungua filta ya hewa, kwa kuwa mchanga wa kwetu hula pistoni. Tazama kama gurudumu la mbele na la nyuma viko kwenye mstari mmoja. Fremu iliyowahi kugongwa hujionyesha hapo. Kilomita za dashibodi usizitie maanani sana, maana waya wake huchomolewa kwa dakika moja; angalia badala yake vile mpira wa kukanyagia ulivyolika. Mengine mwachie fundi wako, nami sitayarefusha, kwa kuwa pistoni mbovu itakugharimu maelfu machache na utambulisho mbovu utakugharimu pikipiki nzima.

Sasa karatasi. Logbuku inayoonyeshwa mezani ni mwanzo tu wa mazungumzo, na picha ya logbuku iliyotumwa kwa WhatsApp haifiki hata hapo. Unachokihitaji ni taarifa inayotoka NTSA yenyewe wakati huu, ile nakala ya kumbukumbu za chombo ambayo mtu yeyote mwenye akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, anaweza kuiomba kwa kuandika nambari ya usajili na kulipa. Ada yake kwa miaka kadhaa imekuwa shilingi 550. Nakala hiyo itakuonyesha aina ya chombo, nambari ya chasisi, ya injini, na jina la mmiliki aliyesajiliwa. Iweke kando ya ile karatasi uliyosugua kwa penseli, ulinganishe tarakimu moja moja, kwa kidole. Hesabu mara mbili. Ujanja uliozoeleka ni kuchukua kibao cha nambari cha pikipiki iliyokufa, yenye karatasi safi, na kukifunga kwenye pikipiki ya wizi ya aina na rangi ile ile. Kumbukumbu zitasoma vizuri kabisa, na chasisi pekee ndiyo itakayomwumbua.

Mtandao wa Sericho si wa kutegemea, na wengi watalazimika kufanya hili Garbatulla au Isiolo, kwenye saiba au kwenye kituo cha Huduma. Sawa, mradi saiba hiyo uichague wewe. Muuzaji akikuelekeza kwa "kijana wangu hapa ana mashine", mshukuru, kisha uvuke barabara uingie kwingine. Nakala unayoletewa ikiwa imeshachapishwa ina thamani ya karatasi tupu.

Wapo watakaosema yote haya ni makuu kwa chombo cha magurudumu mawili. Basi wakumbuke kwamba mwaka 2016 ndugu wawili waliokuwa wakitafuta ngamia wao walikuta mawe mazito ya ajabu katika eneo letu, na ikathibitishwa kwamba ni kimondo, chuma kilichochanganyika na fuwele za olivini. Zaidi ya tani 2 zilikusanywa. Leo jina Sericho limeandikwa katika orodha rasmi ya kimataifa ya vimondo, na mnunuzi makini wa Ulaya au Marekani akiuziwa kipande kidogo tu huuliza kilipatikana wapi, nani amekipima, kimepita mikononi mwa nani. Jiwe lililotoka angani lina ukoo ulioandikwa kuliko pikipiki nyingi zinazoegeshwa chini ya miti yetu.

Suala la mkopo lahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa huko ndiko watu wema wengi wanakoumia. Pikipiki nyingi mpya sasa hununuliwa kwa mkopo unaolipwa kila siku au kila wiki, na mara nyingi aliyekopesha huandikwa kwenye usajili pamoja na mkopaji hadi deni liishe. Kijana anayelemewa na malipo anaweza kukuuzia kwa moyo safi, akiamini atamalizia deni kwa pesa zako, asimalizie. Mkopeshaji hakujui wewe. Chombo kina kifaa cha kufuatilia kilichofichwa chini ya kiti au ndani ya taa, na asubuhi moja watakuja na gari la kukivuta wakiwa na mkataba mkononi. Kwa hiyo tazama kwenye nakala ya kumbukumbu kama mmiliki ni mmoja au wawili. Kisha nenda hatua ya ziada: tangu Sheria ya Haki za Dhamana ya Mali Inayohamishika ya mwaka 2017, pana rejista ya mali zilizowekwa dhamana, nayo hupekuliwa kupitia eCitizen. Pekua kwa nambari ya kitambulisho cha muuzaji. Akisema deni limekwisha, aonyeshe barua ya mkopeshaji, na wewe mpigie mkopeshaji huyo kwa nambari uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyochapwa kwenye barua.

Kuna pikipiki za marehemu. Kwa jamii yetu hili ni jambo la heshima na watu huona haya kuuliza. Mwenye pikipiki amefariki, kaka yake anaiuza ili kulipa madeni au kusaidia mayatima, wazee wanamfahamu, chifu ameandika barua. Yote hayo ni mazuri na hayatoshi. Jina lililosajiliwa ni la marehemu, na marehemu hawezi kuingia eCitizen kuhamisha umiliki. Wanaoweza ni wale waliokabidhiwa usimamizi wa mirathi na mahakama, na kwa Waislamu mahakama ya Kadhi ipo kwa kazi hiyo. Subiri amri ya mahakama. Ukinunua kabla yake, unaweza kuwa umenunua fungu la mjane bila idhini yake, na siku atakaposimama kudai hutakuwa na jibu, mbele ya hakimu wala msikitini.

Kaskazini mwetu zimejaa pia zile Yamaha ngumu, AG na DT, zilizoachwa na miradi ya misaada, pamoja na zilizotoka serikalini zenye kibao cha GK. Ni pikipiki nzuri na mimi mwenyewe ningezitazama kwanza. Lakini za miradi mara nyingi ziliingizwa nchini kwa msamaha wa ushuru, na zinapouzwa kwa mtu asiye na msamaha huo, ushuru hudaiwa chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Uliza nani aliulipa na risiti iko wapi. Ya serikali ilitakiwa kuuzwa kwa utaratibu wa wazi wa kuondoa mali za umma. Omba hati za mnada, uone nambari ya chasisi ikiwa imetajwa humo. "Mradi ulipoisha walituachia" ni maneno mazuri ya shukrani. Hayahamishi umiliki.

Zile zilizovuka mpaka bila kupita forodha, zikaingia kwa njia za panya kutoka kaskazini au mashariki, sina ushauri juu yake isipokuwa kuziacha. Hazina kumbukumbu NTSA, hakuna cha kulinganisha, na Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, ikizikuta inazitaifisha.

Baada ya chuma na karatasi, uliza watu. Kila pikipiki ya bodaboda imewahi kuwa na steji, na kila steji ina mwenyekiti. Muulize muuzaji alikuwa akiegesha wapi, kisha nenda huko peke yako au umtume mtu mnayefahamiana. Utaambiwa katika dakika kumi mambo ambayo hakuna rejista inayoyaandika: kwamba iligongana na lori, kwamba ilikaa kituo cha polisi miezi kadhaa, kwamba mwenyewe halisi yuko Maua na huyu alikuwa akiiendesha tu kwa hesabu ya jioni. Hili la mwisho hutokea mara ngapi! Dereva aliyeaminiwa chombo akakiuza. Na pitia kituo cha polisi uulize kama imeripotiwa kuibwa. Muuzaji mwaminifu hatakataa mwende pamoja.

Kuhamisha jina huanzishwa na mwenye jina, kupitia akaunti yake mwenyewe, nawe unathibitisha kupitia yako. Utahitaji kitambulisho na PIN ya KRA. Hapa vijana wetu wengi hukwama. Kwa miongo mingi watu wa kaskazini walipitishwa kwenye uhakiki wa ziada kabla ya kupewa kitambulisho, mpaka Februari 2025 Rais William Ruto alipotangaza mjini Wajir kwamba umeondolewa. Kijana aliyechelewa kupata kitambulisho aliandikisha pikipiki kwa jina la binamu, na binamu sasa yuko Nairobi au Saudia. Ikiwa unanunua pikipiki ya aina hiyo, zungumza na huyo binamu, na yeye ndiye ahamishe. Ikiwa wewe ndiwe usiye na kitambulisho, kishughulikie kabla ya kununua; Sheria ya Trafiki humhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye mali hadi ithibitishwe vingine, na undugu hupimwa siku binamu anapohitaji pesa.

Malipo yafanyike siku mtakayohamisha, mkiwa mmeketi mahali pamoja. Lipa kwa M-Pesa au benki, kwa nambari iliyosajiliwa kwa jina lile lile lililo kwenye kumbukumbu, kwa sababu noti hazina ushahidi. Andikeni mkataba mfupi: majina, nambari za vitambulisho, nambari ya usajili, chasisi, injini, bei, tarehe na saa. Saa ni muhimu. Pikipiki ikiwa ilihusika katika ajali asubuhi nawe umenunua alasiri, mkataba ndio utakaokutetea. Shahidi mmoja atoke upande wako na mmoja upande wake. Dalali asiwe shahidi, kwani yeye anangoja fungu lake.

Muuzaji akisema lipa sasa tutahamisha baadaye, mpe jibu la upole: pesa zipo, zinangoja. Sheria ya Trafiki yenyewe, Sura 403, hairuhusu chombo kilichohamishiwa mtu mwingine kutumika barabarani zaidi ya siku 14 bila mmiliki mpya kusajiliwa.

Na kama tayari unayo, uliinunua mwaka juzi kwa kuaminiana na logbuku haijaja? Fanya yote haya leo, kinyumenyume. Toa nakala ya kumbukumbu, soma chasisi, linganisha. Ikiwa zinakubaliana na mwenye jina yu hai, mtafute kupitia yule aliyekuuzia, umwonyeshe ushahidi wa malipo, na umwombe ahamishe. Wengi hukubali, kwa kuwa hata wao hawataki chombo kiendelee kutembea kwa jina lao. Ikiwa hazikubaliani, iegeshe. Usiiuze kwa mtu wa kijiji kingine ili msiba uhamie kwake, maana hapo ndipo unapoacha kuwa mnunuzi aliyedanganywa na kuwa muuzaji wa mali ya wizi. Chukua ripoti ya M-Pesa, mkataba kama upo, na jina la aliyekuuzia, uende polisi mwenyewe ukiwa na wakili au mzee anayekujua, na usiondoke pale bila nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi.